Mtoto anakuja na mbwa ako ndani ya nyumba: ushago, nje kwa kompaundi, apatiwe mtu, ama mkae naye?

Jumapili binamu yangu alinipigia simu akilia. Ako na mimba ya miezi saba, wanakaa Ruaka kwa fleti na bwana yake na mbwa wao, spitz mweupe wa miaka minne aliyelelewa ndani tangu akiwa mdogo, sasa mama mkwe amekuja kuwatembelea akasema mtoto mchanga na mbwa hawawezi kaa nyumba moja, wachague. Bwana anasema wampeleke ushago, yeye hataki, marafiki wanamwambia ampatie mtu, na kila mtu ako na hadithi ya mbwa wa fulani.

Hii maneno nimeipitia. Simba wetu ni mchanganyiko wa Jamani shefadi na mbwa wa kawaida, alikuwa na miaka mitano wakati msichana wetu alizaliwa, na huyo msichana saa hii ako na mwaka moja na nusu. Dadangu aliipitia kivyake kule Syokimau, na jirani yetu hapa Donholm kivyake. Kwa hivyo njia karibu zote ambazo watu wa Nairobi huchukua nimeziona kwa macho, na nataka kuziweka hapa moja kando ya ingine ndio binamu yangu na mwingine yeyote akichagua achague akijua anaingia wapi.

Kuna kitu haibadiliki njia yoyote utakayochukua kwa hivyo tuimalize kwanza. Chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka, na kadi uiweke mahali unaijua. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna kurudi nyuma, na karibu kila mtu anayekipata hapa kwetu anakipata kutoka kwa mbwa, ndio maana serikali ilianza mpango 2014 wa kukimaliza kabisa kufikia 2030. Na mtoto mdogo ako hatarini kuliko sisi kwa sababu uso wake uko urefu sawa na mdomo wa mbwa, akiumwa anaumwa kichwani ama shingoni, na hiyo virusi husafiri kwa mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, so safari inakuwa fupi. Mbwa yeyote akimuuma mtu, hata mkwaruzo, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona kama mbwa atakuwa mgonjwa. Halafu dawa ya minyoo kila miezi 3, na dawa ya kupe na viroboto. Kama hujui uanzie wapi, kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Upper Kabete, na maveti wako kila mtaa siku hizi. Fanya hii mapema, ukishajifungua hutakuwa na nguvu ya kupeleka mbwa mahali.

Sasa njia zenyewe.

Ushago

Hii ndio watu hufikiria kwanza kwa sababu inaonekana haina gharama, shosho ako huko, shamba ni kubwa, mbwa atakimbia. Jirani yetu alifanya hivyo, akaweka mbwa wake nyuma ya pikapu mpaka Murang'a wiki mbili kabla ya mtoto. Ule mbwa alikuwa amezoea sebule na chakula cha pakiti, akafika akapewa ugali na kufungwa kwa mti, akajaa kupe mpaka ndani ya masikio, akapata homa ya kupe, na kwa sababu hakuna mtu alikuwa akimwangalia kwa karibu ilijulikana ameshaacha kula. Alipona. Lakini baada ya miezi minne shosho alichoka naye, wakamrudisha, na akarudi Donholm kumkuta mtoto ambaye hajawahi kumnusa hata siku moja, ambaye sasa anaanza kujisukuma na tumbo kwa sakafu, anavuta kila kitu. Hapo ndio waliona walikuwa wamesongesha tu siku, hawakuwa wamemaliza kitu. Tena walipoteza ile miezi mizuri, kwa sababu mtoto mchanga amelala tu kitandani, hamfuati mbwa, hamvuti mkia, na huo ndio wakati rahisi wa mbwa kumzoea.

Sisemi ushago ni vibaya kila wakati. Kama mbwa alitoka huko, ni wa nje, na yule anayempokea anampenda kweli na amekubali kukaa naye milele, sawa, hiyo ni kumpa nyumba. Shida ni ile ya "aende kidogo halafu arudi". Na ulizia kama huko kuna watoto, kwa sababu kama unamtoa juu ya usalama wa mtoto wako halafu unampeleka kwa watoto wa ndugu yako, hujapunguza hatari, umeihamisha.

Nje kwa kompaundi

Mbwa wengi wa hii Nairobi tayari wanakaa nje, wako na kenneli, wanafunguliwa usiku kulinda, na mtoto akizaliwa hakuna haja ya kuwaingiza ndani. Kama wako ni huyo, kazi yako ni ndogo, usibadilishe ratiba yake ya chakula na ya kufunguliwa, na nitakuambia huko mbele kuhusu kumjulisha mtoto.

Lakini kumtoa mbwa wa ndani akaanze maisha ya nje ni maneno ingine kabisa. Dadangu alifanya hivyo wiki ile ile alitoka hospitali, na ilikuwa Julai, baridi ile mnaijua, na mbwa wake ni wa manyoya mafupi. Alibweka na kulia usiku nne mfululizo, mtoto akashtuka kila saa, majirani wakaanza kulalamika kwa grupu ya WhatsApp ya esteti, mwishowe wakamfunga na mnyororo nyuma ya nyumba ndio asikwaruze mlango. Mbwa akifungwa mchana kutwa anazidi kuwa mkali, hana kazi, hana mtu, na kila anachoona mbali asichoweza kufikia kinamkasirisha. Na weka hii kwa kichwa chako, mbwa hana njia ya kujua kwa nini ametolewa, anachojua ni kwamba ile harufu mpya iliingia na yeye akatoka siku hiyo hiyo.

Kama ni lazima atoke, anza miezi 2 ama 3 kabla. Kenneli iwe imeinuliwa kutoka ardhini, paa haivuji, blanketi, mlango hauangaliani na upepo. Alale nje usiku moja moja kwanza, umpelekee chakula huko, ukae naye huko jioni. Akizoea kabla ya mtoto, hataunganisha hayo mambo mawili.

Na kitu ambacho watu husahau kwa hii njia: mtoto hatakaa ndani milele. Kati ya miezi 6 na 10 wengi wanatambaa, wakifika mwaka wanatoka kwa mlango wenyewe. Mbwa wa nje ambaye hajawahi kumnusa huyo mtoto anaona tu kitu kidogo kinachoenda kwa miguu minne kwa kompaundi yake anayolipwa chakula kuilinda. Kwa hivyo hata wa nje anafaa kujulishwa, pole pole, akiwa na kamba, mkiwa watu wazima wawili.

Kukaa naye ndani kwa mpango

Hii ndio tulichukua na ndio nitaongea sana juu yake, kwa sababu ndio iko na kazi na ndio watu huharibu kwa kuanza siku ambayo mtoto ameingia.

Sisi tulianza na wiki kumi zikiwa zimebaki. Kitu cha kwanza ilikuwa ni bedruumu. Simba alikuwa analala kando ya kitanda chetu na tulijua mtoto atalala hapo, so tulimhamisha jikoni wakati huo huo, na alilia siku tatu akaacha, na mtoto alipofika tayari jikoni ilikuwa ni kwake. Sheria yoyote mpya uko nayo, iweke kabla.

Halafu sauti. Mbwa anasikia sauti nyembamba mpaka karibu mizunguko 45,000 kwa sekunde wakati sisi tunaishia 20,000, na kilio cha mtoto mchanga ni kikali hata kwetu. Tulikuwa tunafungulia vilio vya watoto kwa YouTube, sauti chini kabisa, na wakati inalia anapata vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa bila chumvi. Kila siku tunaongeza kidogo. Akianza kusimamisha masikio na kuzunguka tunarudisha chini. Baada ya wiki tatu alikuwa akisikia kilio anakuja kuangalia sufuria ya maini.

Kitu ingine ambayo sijaona ikisemwa na ni ya muhimu sana kwetu ni mgongo. Sisi tunabeba watoto mgongoni na leso, na mbwa ambaye amezoea kukuruka akikukaribisha ataruka kunusa hicho kitu kiko mgongoni, ni kawaida yake wala si ubaya. Nilifunga mdoli mgongoni na leso kila jioni nikifanya kazi za nyumba, na Simba akiweka miguu yote minne chini anapata kipande, akiruka namgeuzia uso pembeni nasimama tu mpaka ashuke. Sikumpigia kelele. Ilichukua karibu mwezi. Kigari cha mtoto pia, tulikuwa tunakisukuma kikiwa tupu saa kumi na mbili asubuhi kabla bodaboda zijae barabarani, yeye kando, kamba imelegea.

Nilipojifungua, bwana yangu alirudi nyumbani usiku wa kwanza na leso ambayo mtoto alikuwa amefungwa. Mbwa anamjua mtu kwa pua kabla ya macho. Alimwachia anuse kutoka umbali wa mkono, akamsifu kwa sauti ya chini, akaitundika. Hakumpa acheze nayo wala kulalia, ni kitu cha kunusa kwa heshima.

Siku ya kurudi, niliingia kwanza mikono mitupu. Simba alikuwa hajaniona siku tatu na angeruka, so alinisalimia akamaliza, alikuwa ametembezwa asubuhi amechoka vizuri, halafu shangazi akaingia na mtoto na bwana yangu akashika kamba. Alinusa miguu ya mtoto kutoka hatua moja. Dakika mbili, akapewa maini, akapelekwa jikoni. Ni hiyo tu. Watu wanataka picha ya mbwa akilamba mtoto usoni siku ya kwanza, tafadhali msifanye hivyo, mdomo wa mbwa haufai karibu na mdomo, macho ama kitovu cha mtoto ambacho hakijapona.

Sasa kosa kubwa ambalo mimi mwenyewe nilifanya wiki ya pili na karibu liharibu kila kitu. Mtoto akilala ndio nilikuwa napata nafasi ya kukaa na Simba, namkuna, naongea naye, mtoto akiamka namwambia ondoka. Kwa kichwa chake hesabu ikawa mtoto akilala maisha ni mazuri, mtoto akiamka nafukuzwa. Akaanza kutoka kwa chumba akisikia tu mtoto anajinyoosha. Tuligeuza. Mtoto akiamka ndio Simba anaitwa, analala kwa mkeka wake mita mbili hivi, nikinyonyesha natupa kipande kila baada ya muda, namwita jina. Mtoto akilala tunamwacha apumzike tu. Ndani ya wiki moja alikuwa akisikia mtoto analia anaenda mwenyewe kwa mkeka.

Lazima pia ujue kumsoma. Kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa pembeni, weupe wa jicho kuonekana, mwili kukauka, mkia kuingia katikati ya miguu, hayo yote ni kusema "nipeni nafasi". Kunguruma ni kusema hivyo kwa sauti. Mjomba mmoja alikuja kuona mtoto, watoto wake wakamkumbatia Simba shingoni, akanguruma, na huyo mjomba akainua kiatu ampige. Nilimzuia. Mbwa akipigwa kwa kunguruma anajifunza kunyamaza, hajifunzi kupenda, na siku ingine akifika mwisho anauma bila kukuambia. Akinguruma unatoa mtoto pole pole, unampa nafasi, halafu unakaa unafikiria ni nini kilimsukuma. Ikirudia, tafuta mtu anayejua tabia za mbwa kabla mambo hayajafika mbali.

Na wageni, Mungu wangu. Mwezi wa kwanza hapa kwetu ni njahi na uji na watu kumi kwa sebule kila Jumamosi, na ile kelele ndio inachosha mbwa kuliko mtoto mwenyewe. Wageni wakija Simba alikuwa anaenda jikoni na mfupa wake kabla hawajabisha, si baada. Fundi wa mbao alitutengenezea geti ndogo ya mlango wa jikoni, anaona kila kitu lakini hapiti. Hiyo geti ndio kitu kimoja ningenunua kama ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu.

Kuwaacha peke yao, hapana. Hata kama unaenda tu kuzima gesi, hata kama mbwa ni mtulivu kama kondoo, hata kama ni spitz mdogo. Unabeba mtoto ama unafunga geti.

Kumpatia mtu kabisa

Inauma na watu wanahukumiwa nayo, lakini kuna mbwa ambao ni lazima. Kama amewahi kumuuma mtoto, kama analinda sahani yake mpaka wewe mwenyewe huwezi pita karibu, kama akiona watoto wadogo anawawinda kimya kimya na macho hayatoki, sitakuambia ujaribu maini na mdoli. Mtafutie nyumba ya watu wazima na uwaambie ukweli wote, hata kama ukweli utafanya wakatae. KSPCA, lile shirika la kutunza na kulinda wanyama, wako Langata Road, wanapokea wanyama na kuwatafutia nyumba, piga simu mapema usingoje wiki ya kujifungua. Kile usifanye ni kumwachilia mtaani ama kumshusha mbali na gari. Anaishia kwa jalala bila chanjo, na mtoto wa mtu mwingine ndiye atakutana naye.

Ukiziweka pamoja

Kwa pesa, ushago na kumpatia mtu zinaonekana rahisi, nje inataka kenneli nzuri, ndani inataka geti, kamba, maini na pengine pesa ya mtu wa kumfunza. Lakini mahali zinatofautiana kweli ni kwa muda na watu. Sheria ya kazi ya 2007 inampa baba likizo ya wiki 2 na mama miezi 3. Wiki ya tatu nani anatembeza mbwa? Kama hakuna jibu, njia ya ndani itakushinda, si kwa sababu ya mbwa, kwa sababu mbwa asiyetembezwa kwa fleti anakuwa na nguvu nyingi mahali padogo na mtoto.

Na msichana wa kazi. Miezi 3 ikiisha yeye ndiye atakuwa peke yake na mtoto na mbwa kutoka asubuhi mpaka jioni. Kama anamwogopa, atamrushia vitu ukitoka, na mbwa ataunganisha hayo yote na mtoto. Mwulize ukweli kabla ya kumwajiri, mfundishe hizo dalili, mwonyeshe geti, na akisema hawezi, mkubalie, mpangie mbwa awe nje ama chumba kingine wakati haupo. Sisi tulikuwa na bahati, dada wetu wa kazi alikulia na mbwa.

Kuhusu manyoya na kifua, ambayo ndiyo hofu ya mama mkwe, 2015 watafiti wa Uswidi walichapisha kazi waliyofanya kwa rekodi za watoto wengi sana, na waliokuwa na mbwa nyumbani mwaka wa kwanza walipatikana na asma kidogo kuliko wenzao walipofika umri wa shule. Hiyo haisemi ununue mbwa kama dawa, na mtoto akianza kukohoa ama kutoka vipele mpeleke kwa daktari, lakini "mbwa ataharibu mapafu" si sababu ya kumfukuza siku ya kwanza. Piga deki, mchane mbwa nje, asipande kitanda cha mtoto.

Kwa hivyo mimi naona hivi. Mbwa wa ndani, mpole, hajawahi kuuma, na kuna mtu wa kumtembeza: kaa naye, anza leo. Mbwa wa nje wa kulinda: abaki nje, mjulishe kwa mtoto akiwa na kamba. Mbwa wa ndani na nyumba haina mtu wa kumshughulikia: mzoeshe nje mapema kama mko na kompaundi, ama tafuta jamaa anayemtaka moja kwa moja. Mbwa aliyeuma mtoto: nyumba ingine. Ushago kwa muda mfupi sijaona ikisaidia mtu.

Binamu, wako ni wa kwanza kati ya hao, na bwana yako humtembeza kila jioni, nimemwona. Uko na wiki nane hivi. Mama mkwe mwambie na heshima kwamba mmesikia na mko na mpango, umwonyeshe kadi ya chanjo, na umwombe yeye ndiye amshike mtoto siku mtakayoingia, ataona mwenyewe. Jumamosi nakuja na leso na mdoli, nunua maini nusu kilo, tuanze na hiyo ya miguu minne chini.